Zaburi Kumi na Sita za Sheikh Abdulaziz: Biblia ya Kiswahili na Msomaji wa Kubuniwa

Utangulizi

Ni jambo la kustaajabisha kwamba kitabu cha nathari ambacho pengine kimesomwa kwa sauti mbele ya Waswahilifoni wengi kuliko kingine chochote hakina mahali katika historia ya nathari ya Kiswahili. Orodha ya kawaida inajulikana kwa kila mwanafunzi. Huanzia kwenye ngano zilizokusanywa katika karne ya 19, ikapitia Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, ikagusa tafsiri za Frederick Johnson za mwishoni mwa miaka ya 1920, ikasimama kidogo kwenye Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela (1934), kisha ikatua na kupumzika kwa Shaaban Robert. Biblia haimo. Iwapo inatajwa, hutajwa katika sura ya wamishenari na kamusi zao, kana kwamba ilikuwa chombo cha kazi mfano wa mashine ya chapa, wala si matini yenye mtindo wake.

Kimya hiki kina kambi mbili zinazokilinda. Kambi ya kwanza ni ya waumini, ambao kwao tafsiri waliyokua nayo ndiyo Neno lenyewe, na kuihakiki ni kukosa adabu. Kambi ya pili ni ya wahakiki wa mkabala wa kizalendo, ambao kwao tafsiri hiyo ni mali ya mkoloni, na kuisoma kama fasihi ni kumpigia magoti. Kambi hizi hazisalimiani, lakini zinakubaliana katika jambo moja: zote mbili zinaamini kwamba Biblia ya Kiswahili ilitoka nje ya Kiswahili. Moja inasema ilishuka kutoka juu. Nyingine inasema iliingia kwa meli. Makala haya yanadai kwamba zote mbili zimekosea. Tafsiri hii ilifanyiwa kazi ndani ya Kiswahili, pamoja na wanazuoni wa Kiswahili, na kila hatua ya kukua kwake ilikuwa ni uamuzi wa kifasihi juu ya suala moja: ni nani anayestahili kuhesabiwa kuwa msomaji? Kwa kuwa wahakiki wamejitoa katika suala hilo, limeamuliwa bila wao kwa zaidi ya karne moja, na aghalabu limeamuliwa vibaya.

Kabla ya mmishenari

Simulizi ya kawaida huanza mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa na, katika mwaka huo huo wa kumpoteza mkewe na mtoto wake, akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Tarehe hiyo ni sahihi, ila maana inayopewa si sahihi. Inachukuliwa kwamba hapo ndipo Kiswahili kilipoanza kupokea maandiko matakatifu kwa njia ya tafsiri. Lakini muda mrefu kabla ya Krapf kuzaliwa, Sayyid Aidarus bin Athman alikwisha kuifasiri Hamziya ya al-Busiri kutoka Kiarabu, ubeti kwa ubeti, katika Kiswahili kizito cha kaskazini ambacho hata wenyeji wa leo hukisoma kwa msaada wa sherehe. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ya kale inahusishwa na mwaka 1728, unasimulia vita na mahubiri kwa msamiati wa dini uliokwisha kukomaa. Malaika, nabii, mtume, dhambi, rehema, toba, injili, zaburi: haya ni maneno yaliyomngojea Krapf bandarini.

Krapf mwenyewe hakulificha jambo hili. Anamtaja mwalimu wake, Sheikh Ali bin Muhyiddin wa Barawa, aliyekuwa kadhi Mombasa, kuwa ndiye aliyemsaidia katika kazi ya Mwanzo. Tena ni Krapf huyo huyo aliyezituma Ulaya katika miaka ya 1850 hati za tenzi, ukiwemo huo wa Tambuka. Alijua basi kwamba alikuwa miongoni mwa watu wenye maandiko. Waliomfuata, na hasa walioandika habari zake, ndio waliosahau. Kadhi akawa "msaidizi", kisha akawa "mwenyeji mmoja", kisha akatoweka kabisa. Anayetaka kuelewa ni kwa nini tafsiri za Kiswahili zilipatikana kwa haraka hana budi kuanza na kadhi huyo. Maneno yanayohitajiwa na Biblia yalikuwa yamekwisha kusomwa, kuimbwa na kujadiliwa katika misikiti na madarasa ya pwani kwa vizazi.

Zaburi kumi na sita

Kisa kinachostahili kufundishwa katika kila somo la tafsiri kilitokea Unguja. Edward Steere, aliyefika huko mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA, alikuwa mtaalamu wa lugha mwenye sikio kali. Mwaka 1870 alichapisha mwongozo wake wa Kiswahili na mkusanyo wake wa ngano za Unguja. Katika dibaji ya mwongozo huo anaeleza kwamba mwanachuoni wa Unguja, Sheikh Abdulaziz, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili bora na safi kabisa. Watafiti humtambua mwanachuoni huyo kuwa ni Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi (1838–1896), mzaliwa wa Barawa, kadhi, na mmoja wa viongozi wa tarika ya Kadiria. Kazi haikuvuka zaburi ya kumi na sita. Steere anatoa sababu mbili. Kwanza, sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Pili, lugha yake ilikuwa ya kisomi mno kwa lengo la misheni.

Inafaa msomaji asimame hapa. Mwislamu, tena kadhi na sufi, anajitolea kufasiri Zaburi ya Daudi, kitabu ambacho imani yake inakitambua, kwa lugha ambayo yeye na wenzake waliiona kuwa ndiyo kilele cha Kiswahili. Mmishenari anaipokea, anaistahi, hata anaipiga chapa kama kumbukumbu ya ukarimu na kielelezo cha Kiswahili cha fahari. Kisha anaiweka kando. Hakusema kwamba ilikuwa na makosa, wala kwamba haikuwa ya Kiswahili. Kosa lake lilikuwa kwamba ilikuwa ya Kiswahili kupita kiasi.

Ni haki kumsikiliza Steere. Waumini wake wa kwanza walikuwa watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa: Wayao, Wanyasa na wengineo, ambao Kiswahili kilikuwa kwao lugha ya kujifunza. Mchungaji anayewalisha watu wa namna hiyo ana sababu ya kutaka lugha nyepesi. Lakini sababu ya kichungaji ikigeuzwa kuwa kanuni ya kifasihi huzaa madhara, na ndivyo ilivyokuwa. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya waongofu wachache wa Unguja ulirithiwa na vizazi vya wafasiri kama ufafanuzi wa Mswahili msomaji: mtu asiyeweza kupanda. Steere alifariki mwaka 1882. Wenzake wakaiendeleza kazi, na Biblia nzima kwa Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Zaburi zilizomo humo hazikuwa za Sheikh Abdulaziz.

Mombasa, Stuttgart na Unguja

Njia nyingine ilikuwepo, na ilipitia Mombasa. William Taylor wa misheni ya CMS aliketi na wajuzi wa Kimvita, hasa Mwalimu Sikujua, ambaye ndiye aliyemhifadhia mashairi ya Muyaka bin Haji. Taylor alikusanya methali kwa mamia akazichapisha mwaka 1891. Mtu aliyepata elimu yake kwa Muyaka na kwa methali hangeweza kuamini kwamba Mswahili huchoshwa na lugha ya juu. Injili zake za Kimvita zilikuwa msingi wa kazi iliyokamilishwa na wengine, hadi Biblia nzima ya Kimvita ikatoka mwaka 1914.

Biblia hiyo ilipewa maisha mafupi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikapewa kazi ya kuusimamia uamuzi huo. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya hasara iliyoupata ushairi wa Kimvita kwa kusanifishwa huko. Machache mno yameandikwa juu ya hasara ya nathari. Hata hivyo Biblia ya 1914 ilikuwa miongoni mwa vitabu vikubwa zaidi vya nathari vilivyowahi kuchapishwa kwa Kimvita. Ilipoondolewa mikononi mwa wasomaji, lahaja yenye washairi wakubwa kuliko wote ilibakia na washairi tu, na ikawa rahisi kudai kwamba haikuwahi kuwa na kitu kingine.

Wakati huo huo, jaribio la tatu lilikuwa likifanyika upande wa Wajerumani. Karl Roehl, akifanya kazi na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, huko Stuttgart. Roehl aliyaona maneno yenye asili ya Kiarabu kuwa mzigo wa Kiislamu na kizuizi kwa Waafrika wa bara, akaazimia kuyapunguza kadiri iwezekanavyo. Nabii akawa mfumbuaji. Kuhani akawa mtambikaji. Sadaka ya madhabahuni ikawa tambiko.

Wahakiki wa kizalendo wangelitazama jambo hili kwa makini wangepata funzo kubwa. Hapa palikuwa na Mzungu aliyetaka Kiswahili cha Kibantu, nao kwa miaka mingi wamekuwa wakidai jambo hilo hilo. Matokeo yake yanafundisha. Neno kuhani halikuwa na uhai mwingine katika Kiswahili ila ule wa maandiko. Lilikuwa neno tulivu, lenye shina moja na lile la Kiebrania. Mtambikaji si neno tulivu. Linanuka moshi wa mizimu, linaleta kaburi la babu, pombe ya kumwagwa chini na mbuzi mweusi. Roehl aliyekimbia msikiti alijikuta panapo mzimu. Akamweka mzee wa tambiko ndani ya hekalu la Yerusalemu, na kwa kufanya hivyo akaandika, pengine bila kukusudia, tafsiri ya Kiafrika kuliko nyingine zote za zama zake. Mhakiki mwenye macho angeweza kuandika tasnifu nzima juu ya neno hilo moja.

Kasisi Broomfield wa UMCA alimpinga Roehl katika jarida la Africa mwaka 1931. Msimamo wake ulikuwa kwamba maneno yaliyokwisha kupokelewa na wasemaji wenyewe ni mali yao, na kuyang'oa kwa sababu ya nasaba ni kuunda lugha ambayo haina wenyewe. Katika hoja ya kiisimu Broomfield alishinda, na alistahili kushinda. Lakini mjadala huo una kasoro ambayo hadi leo haijasahihishwa. Mjerumani na Mwingereza walibishana juu ya Kiswahili ni nini, katika jarida la Kiingereza, bila sauti ya Mswahili hata mmoja. Sheikh Abdulaziz alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo miaka sitini kabla yao. Zaburi zake zilikuwa zimechapishwa, na hakuna aliyehitaji kusafiri ili kuzisoma.

Ufanisi wa Union Version

Kutokana na hali hii ndipo ilipotokea Biblia inayojulikana hadi leo kwa jina la Union Version, yaani tafsiri ya kuwaunganisha watumiaji wa Kiunguja na wa Kimvita katika Kiswahili sanifu. Agano Jipya lilitoka mwaka 1950, Biblia nzima mwaka 1952. Ni kazi ya kamati, na kazi za kamati huchukuliwa kuwa hazina mtindo. Dai hilo halisimami mbele ya matini yenyewe.

Uzingatiwe usimulizi wake. Masimulizi ya Kiebrania hujengwa kwa mnyororo wa vitenzi, kila kimoja kikifuatana na kilichotangulia bila ya kirai cha kueleza sababu. Kiingereza hakina umbo la kitenzi kwa kazi hiyo, hivyo hulazimika kurudiarudia kiunganishi hadi sikio likachoka. Kiswahili kina -ka-. Akaondoka, akaenda, akamkuta, akamwambia: mnyororo huo ulikuwa tayari katika ngano za nyanya na katika tenzi za vita. Tafsiri ya 1952 iliutumia kwa ujasiri, na kwa jambo hili moja vitabu vya Mwanzo, Ruthu na Samweli vimekaa katika Kiswahili kwa utulivu ambao Kiingereza kimeukosa. Hicho ni kipawa ambacho lugha pokezi iliipa matini, na wala si ujuzi wa mmishenari peke yake.

Uzingatiwe pia ushairi wake. Tangu Robert Lowth alipochapisha mihadhara yake mwaka 1753, imejulikana kwamba ushairi wa Kiebrania husimama juu ya usambamba: kauli hutolewa, kisha hurudiwa kwa maneno mengine, au hupingwa, au huongezwa. Zaburi zilifasiriwa kwa Kiswahili kwa usambamba huo huo, bila vina wala mizani. Kwa hiyo, kwa miongo mingi kabla ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974), maelfu ya wasemaji wa Kiswahili walikuwa wakisikia kila juma ushairi usio na vina, wakiukariri, wakiusoma mazikoni na harusini, na bila kuuliza kama ni ushairi.

Mgogoro wa mashairi huru ulipozuka, pande zote mbili zililisahau jambo hili. Wanamapokeo walidai kwamba shairi bila vina na mizani ni kitu kigeni kisichowahi kusikika katika Kiswahili. Wanausasa wakajibu kwa kutaja washairi wa Ulaya na ngoma za Kiafrika. Hakuna aliyeufungua mlango wa kanisa la jirani. Haidaiwi hapa kwamba Kezilahabi aliiga zaburi. Kinachodaiwa ni kwamba sikio la msomaji lilikwisha kuandaliwa, na kwamba uhakiki unaosema juu ya upokezi wa matini bila kuuliza wasomaji walikuwa wakisikia nini Jumapili haujafanya kazi yake.

Kuna shahidi mwingine. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma na Mkatoliki, alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu (1963), kisha akazirudia zaburi kwa bahari hiyo hiyo ya utenzi. Mnyampala alikuwa na tafsiri za nathari mkononi mwake. Kama zingemtosha, asingejisumbua. Alichofanya ni kulijibu swali ambalo kamati hazikuliuliza: ikiwa Daudi alikuwa mshairi, kwa nini azungumze katika Kiswahili kama mtu asiye na bahari? Kazi yake ni uhakiki wa tafsiri uliofanywa kwa njia ya utunzi. Pamoja na zaburi za Sheikh Abdulaziz, inaonyesha kwamba wanafasihi wa Kiswahili, Waislamu kwa Wakristo, hawakuwahi kuafikiana na dhana ya lugha nyepesi.

Msomaji wa kubuniwa

Awamu ya mwisho inahusu nadharia. Mwaka 1964 Eugene Nida, Mmarekani aliyevishauri vyama vya Biblia, alichapisha kitabu chake cha msingi juu ya sayansi ya kufasiri. Hoja yake kuu ni kwamba tafsiri ipimwe kwa athari yake kwa mpokeaji, si kwa kufanana kwa umbo. Agano Jipya la Kiingereza cha leo lililoongozwa na Robert Bratcher lilitoka mwaka 1966, likawa kigezo duniani kote. Mwaka 1968 vyama vya Biblia na Vatikani vilikubaliana juu ya kanuni za kushirikiana. Kwa Kiswahili, matunda yake yalikuwa Agano Jipya la Habari Njema mwaka 1977 na Biblia Habari Njema katikati ya miaka ya 1990.

Mazuri ya kazi hii yasipuuzwe. Wakatoliki na Waprotestanti waliketi meza moja. Nyaraka za Paulo, ambazo katika tafsiri ya 1952 ni msitu wa vishazi, zilipata njia ya kupitika. Wafasiri wengi walikuwa wasemaji wenyewe, jambo ambalo lilichelewa kwa zaidi ya karne nzima. Mwanafunzi wa bara ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu anafaidika, na hakuna mhakiki mwenye haki ya kumdharau.

Pamoja na hayo, nadharia yenyewe ina tundu. Athari kwa mpokeaji haiwezi kupimwa mpaka mpokeaji ajulikane, na mpokeaji anayedhaniwa na tafsiri hizi ni yule yule aliyedhaniwa mwaka 1870: mtu asiyeweza kupanda. Amebadilishiwa nguo tu. Steere alimwita mwongofu. Nadharia inamwita msomaji wa kawaida. Hakuna anayeeleza msomaji huyu anaishi wapi. Je, ni bibi wa Lamu anayekariri tenzi za mamia ya beti? Ni mzee wa Taita anayeitoa Biblia yake ya 1952 kichwani, sura kwa sura? Ni kijana wa Nairobi anayebuni msamiati mpya kila mwezi? Hao ndio watu wa kawaida, na hakuna hata mmoja kati yao anayeogopa lugha nzito. Msomaji mnyonge wa nadharia ni wa kubuniwa.

Mfano mmoja utatosha. Jina ambalo Yesu hujiita katika Injili lilifasiriwa mwaka 1952 kuwa Mwana wa Adamu. Jina hilo lina utajiri wa pande mbili. Linabeba kauli ya Kiebrania iliyo nyuma ya Kiyunani, na papo hapo linaamsha neno la kila siku la Kiswahili, mwanadamu. Msikilizaji asiyejua kusoma alisikia mambo mawili kwa pamoja: mmoja wetu, na mzawa wa yule wa kwanza. Habari Njema ikaandika Mwana wa Mtu. Maneno ni mepesi, ila maana ni ya mbali, kwani katika mazungumzo ya kawaida mwana wa mtu ni mtoto wa fulani tu, wa nyumba isiyotajwa. Hivi ndivyo tafsiri iliyojivunia kufuata Kiswahili asilia ilivyoshikamana na neno la Kiyunani kuliko ile iliyolaumiwa kwa kushikamana na neno. Urahisi haukuleta uasilia. Uliondoa mwangwi, na mwangwi ndio uliokuwa wa Kiswahili.

Wasomaji nao wametoa hukumu yao, ingawa hawakuulizwa. Miongo kadhaa baada ya kutolewa kwa Habari Njema, ile ya 1952 bado ndiyo inayofunguliwa katika makanisa mengi ya Kenya na Tanzania. Watetezi wa tafsiri mpya husema kwamba huo ni mazoea. Mazoea ni sehemu ya jibu, lakini hayatoshi kueleza kwa nini vijana waliozaliwa baada ya Habari Njema nao wanairudia ile ya kale wanapotaka kusema jambo zito. Wanairudia kwa sababu inawapa sajili ambayo shule haiwapi na magazeti hayana. Msomaji wa kawaida amepanda mwenyewe, bila ruhusa ya nadharia.

Hitimisho

Ngugi wa Thiong'o alikumbusha, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuondoa ukoloni akilini, kwamba Biblia ilipatikana kwa wingi katika lugha za Kiafrika wakati waandishi wa Kiafrika wakiziacha lugha hizo. Kauli hiyo hunukuliwa kama shutuma kwa misheni. Inafaa isomwe upya kama shutuma kwa wahakiki. Biblia hizo zilikuwa mikononi mwa watu, katika lugha zao, zikiunda sikio lao la nathari, na vyuo vikuu vikakataa kuziona.

Yapo mambo ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuyafanya bila kusubiri fedha wala ruhusa. Zaburi kumi na sita za Sheikh Abdulaziz zitolewe tena, kwa uhariri wa kitaalamu na sherehe, zisomwe kama mojawapo ya matini za kwanza za tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Mswahili katika enzi ya chapa. Biblia ya Kimvita ya 1914, ya Roehl ya 1937 na ya 1952 ziwekwe sambamba katika semina za mtindo, neno kwa neno. Majina ya walioketi upande wa pili wa meza, kuanzia Sheikh Ali bin Muhyiddin hadi Nganisya na Ndekeja, yaandikwe katika historia ya fasihi pale pale yanapoandikwa majina ya Krapf, Steere na Roehl. Na kamati ijayo ya tafsiri, kwani ijayo haikosekani, imkute mhakiki na mshairi wamekwisha kuketi mezani.

Hakuna katika haya kinachomtaka mtu aamini wala aache kuamini. Sheikh Abdulaziz hakuwa Mkristo alipoichukua kalamu yake, na hakuwa Mkristo alipoiweka chini. Aliona kwamba zaburi ni maneno makubwa, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyakabili. Aliambiwa kwamba maneno hayo yalikuwa makubwa mno kwa wasomaji. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini imepita, na wasomaji hao bado hawajaulizwa.